Upelelezi Wetu Haujaanza

Ndugu msomaji, kama ulimaliza shule ukiwa umesoma riwaya nyingi kuliko vitabu vya masomo, basi tuko kundi moja, na wapelelezi wetu unawajua. Unamjua Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla, mzee wa kiko, aliyetutokea katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Unamjua Willy Gamba wa Elvis Musiba. Unamjua Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Hao ni mabingwa. Sikumbuki hata mmoja wao akihesabu chenji ili ajue kama itamtosha nauli ya kurudi.

Sasa niambie: katika hao wote, yupi kazi yake ni kumtafutia ushahidi kijana wa watu aliyekamatwa, hana hela, yuko rumande, na anasema "siku hiyo mimi sikuwepo"? Mie nimetafuta, sijampata. Na si vitabuni tu. Hata katika maisha haya tunayoishi mtu huyo ni wa kutafuta kwa tochi. Kazi yake ipo, tena kubwa, lakini mwajiri hana na mshahara hana. Mwaka 2022 kazi hiyo iliniangukia mimi, kijana wa kidato cha nne mwenye madaftari matatu ya riwaya isiyokwisha, na hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

Braza ni mtoto wa mama mkubwa. Tunaishi Kibaha, upande wa Maili Moja. Kazi yake ilikuwa utingo wa Canter la mananasi, leo Kisarawe, kesho Kiwangwa. Akakamatwa kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha. Kwa wasiojua, kosa hilo halina dhamana, na ukitiwa hatiani kifungo chake si chini ya miaka 30. Braza alikuwa na miaka 24. Piga hesabu mwenyewe angetoka akiwa na umri gani.

Aliyeibiwa alisema amemtambua usiku kwa mwanga wa simu. Braza akasema usiku huo alilala Maneromango, ndani kabisa ya wilaya ya Kisarawe, gari limekatika springi na mananasi yanaanza kunuka. Mmoja wao alikuwa anakosea. Sikusema anadanganya, nasema anakosea, maana usiku na hofu vinaweza kumpa mtu sura isiyo yake. Swali lilikuwa, nani ataenda kuangalia?

Kama umewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakamani, ule wimbo unaujua. Mshtakiwa analetwa, jina linaitwa, mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika." Kesi inaahirishwa. Wiki mbili zinapita, analetwa tena, wimbo ule ule. Mama mkubwa alikuwa akitoka pale analia. Mie nilikuwa natoka na wazo jingine. Wa kwao haujakamilika, sawa. Lakini wa kwao umeanza. Una mwenyewe, yuko kwenye mshahara, ana kitambulisho cha kumfungulia mlango, akimwita mtu kituoni anakwenda. Wetu haujaanza, na hautaanza, maana hauna mwenyewe.

Usinielewe vibaya. Sisemi polisi wote wabaya. Nasema mpelelezi wa kesi anaanza na mtu aliyelalamika, na kazi yake ni kujua kama yule aliyekamatwa ndiye. Akishaamini ndiye, hana sababu kubwa ya kwenda Maneromango kuuliza habari za springi. Binadamu ndivyo alivyo. Ndiyo maana pande ni mbili.

Katiba yetu, ibara ya 13(6), inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba analo. Maneno mazuri sana. Na mahakama zetu zimeshasema mara nyingi kwamba anayejitetea kuwa hakuwepo eneo la tukio hana mzigo wa kuthibitisha. Akitia shaka ya maana inatosha. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka atoe taarifa ya utetezi huo mapema, kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au kwa kuchelewa sana kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi wake. Asipotoa, mahakama inaweza kuuona utetezi wake hauna uzito wowote. Ni haki, maana upande wa pili nao upate muda wa kuchunguza. Ila we jiweke pale. Uko rumande. Huna simu. Shahidi wako ni mama muuza chai unayemjua kwa jina la mtoto wake, na fundi mmoja unayemjua kwa kilemba chake. Hiyo taarifa utaitoa, lakini watu wenyewe watakuja kwa miguu ya nani?

Walikuja kwa miguu yangu. Kwanza jiografia. Kibaha na Kisarawe ni mkoa mmoja, Pwani, lakini kwa sisi wa daladala, kutoka Kibaha kwenda Kisarawe unatoka kwanza nje ya mkoa. Unashuka Mbezi, unabadili gari mpaka Gongo la Mboto, unapanda nyingine inayopita Pugu, ndipo unaanza kupanda vilima vya Kisarawe. Hapo umefika mjini tu. Maneromango bado iko mbele, na kwenye gari za huko hakuna cha ratiba, gari linaondoka likijaa.

Siku ya kwanza nilifika saa nane mchana. Mama wa chai alishahama. Nikapelekwa kwa bibi yake. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, umetokea wapi?" "Kibaha." "Kibaha yote hiyo! Umekula?" Nikala mihogo ya nazi, nikaeleza shida yangu, bibi akasikitika, akasema mjukuu wake kaolewa Mkuranga, namba ya simu haipo. Jua likazama. Nikalala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilichorudi nacho ni jina kamili la mama wa chai, basi.

Safari ya pili nilimpata fundi. Gereji yake iko chini ya mkorosho. Nilimkuta amelala chini ya Fuso, miguu tu inaonekana, nikaongea na miguu kwa robo saa nzima. Alipotoka, nikauliza kama anakumbuka Canter la mananasi lililokatika springi. "Dogo, magari yote yanayokuja hapa yamekatika springi," akasema. "Hii ndiyo barabara yetu." Nikaona safari imeisha. Kisha akaniuliza kama dereva alikuwa yule mweusi mwenye deni lake. Akaenda kuleta kaunta buku limejaa grisi. Dereva alilipa nusu akaahidi kumalizia. Hakumalizia. Basi jina la dereva lilikuwepo, tarehe ilikuwepo, na pembeni fundi ameandika kwamba utingo kaachwa na gari alinde mzigo. Ndugu msomaji, ile nusu ambayo dereva hakulipa ndiyo iliyotunza usiku mmoja wa maisha ya Braza.

Mpaka hapa utafikiri ni hadithi tamu. Subiri. Nikamwomba fundi aje mahakamani. Akanitazama, hakukataa. Akauliza swali moja: "Siku hiyo mimi nitakula nini?" Wenye mishahara watamwona hana utu. Mie nilimwelewa. Siku asipolala chini ya gari watoto wake hawali. Na kesi ya kwetu haisikilizwi siku moja. Alikuja mara ya kwanza, hakimu alikuwa na udhuru. Akaja mara ya pili, jalada halikuwepo. Kila mara ni nauli ya kuja, nauli ya kurudi, chakula, na hela ya kibarua alichokikosa. Mama mkubwa aliuza cherehani. Mie niliuza simu yangu, nikanunua ya tochi.

Hapo nijibu na swali la wale watakaosema: si mngetafuta wakili? Tulimpata. Msaidizi wa kisheria wa mtaani kwetu, mama mmoja mtu mzima anayefanya kazi hiyo kwa kujitolea, alituunganisha na wakili wa shirika la msaada wa kisheria. Wakili alikuwa mtu mwema na mwerevu. Lakini aliniambia wazi: "Mdogo wangu, mimi nikienda Maneromango siku moja, mafaili mengine manane yanalala. Wewe niletee mtu, mimi nitajua cha kumuuliza." Maneno hayo sijayasahau. Wakili anajua cha kuuliza. Lakini hawezi kumuuliza mtu ambaye hakuletwa.

Yule mama msaidizi wa kisheria alinipa masharti matatu kabla sijapanda gari, na nayaandika hapa kwa sababu kuna wengine yatawafaa. La kwanza, usimguse shahidi wa upande wa mashtaka. Utaambiwa umemtisha, na kesi itakuwa yako. La pili, usimwambie shahidi wako aseme nini. Muulize, nyamaza, andika. La tatu, mpe nauli na chakula, uandike kiasi na tarehe, asaini; ukimpa zaidi ya hapo hujamlipa gharama, umemnunua. Nilichukua daftari la riwaya yangu, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika humo. Upande mmoja mpelelezi wa kubuni anakunywa mvinyo Nairobi. Upande wa pili: Mbezi–Gongo la Mboto, kiasi fulani, bodaboda, kiasi fulani, ugali na samaki, wawili.

Mwaka 2024 fundi alisimama mbele ya hakimu, na kaunta buku lake. Upande wa pili wakamuuliza kama ni ndugu wa mshtakiwa. Akasema hapana, mshtakiwa simdai, namdai dereva wake. Watu wakacheka. Braza aliachiwa. Hakimu alisema ushahidi wa kumtambua una mashaka, na utetezi wa kutokuwepo haujavunjwa. Angesimama mama mkubwa akasema "mwanangu hakuwepo," unadhani uzito ungekuwa ule ule? Mama akisema mwanawe hakuiba, nani duniani amewahi kushangaa? Ndiyo maana kazi hii haifai kuachiwa ndugu peke yao.

Wenzetu mbele huko waliligundua hili zamani. Mwaka 1961 kule Florida, Marekani, maskini mmoja aitwaye Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja na kuingia kwenye ukumbi wa pool. Akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akaandika barua kwa penseli akiwa gerezani, na mwaka 1963 Mahakama Kuu ya nchi ile ikaamua kwamba maskini anayeshtakiwa kwa kosa kubwa lazima apewe wakili. Hadithi hiyo husimuliwa ikaishia hapo. Lakini sehemu ninayoipenda mimi ni ya baadaye. Kesi ilirudiwa mwezi Agosti mwaka huo huo. Wakili wake, Fred Turner, hakukaa ofisini kusubiri siku. Alitoka, akatembea, akaulizauliza watu. Dereva wa teksi alikuwa ameshasema kwamba siku ile Gideon alimwomba asimwambie mtu kuwa amempakia. Ukisikia hivyo unasema huyu mwizi. Turner akamuuliza dereva: amewahi kukuomba hivyo siku nyingine? Dereva akajibu ndiyo, huwa anasema hivyo, ana ugomvi na mkewe. Baraza la wazee wa mahakama lilitoka kwa muda kama wa saa moja, likarudi, Gideon akawa huru.

Umeona? Sheria ilimpa wakili. Kilichomtoa ni wakili aliyetembea.

Marekani wana ofisi kamili za mawakili wa utetezi wanaolipwa na serikali. Ya kwanza ilifunguliwa Los Angeles mwaka 1914. Baadhi ya ofisi hizo zinaajiri wapelelezi wao, kwa mshahara, kazi yao ni kwenda kuangalia. Na kwa mahakama za shirikisho, sheria ya mwaka 1964 inaruhusu wakili wa mtu asiye na uwezo kuomba fedha za upelelezi na za wataalamu. Lakini tusidanganyane kwamba huko ni peponi. Walipohesabu ofisi hizo mwaka 2007, asilimia 40 ya zile za ngazi ya kaunti hazikuwa na mpelelezi hata mmoja. Nchi tajiri kuliko zote! Ukiuliza fedha zikipungua nini kinakatwa kwanza, jibu ni nauli ya mtu wa kutembea. Wakili anaonekana, yuko mbele ya hakimu na suti yake. Aliyekwenda kuuliza chini ya mkorosho haonekani.

Kwetu ofisi ya namna hiyo hatuna. Tulikuwa na sheria ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai ya mwaka 1969, na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambayo imewatambua rasmi wasaidizi wa kisheria kama yule mama yetu. Hiyo ni hatua, tena kubwa. Mwaka 2023 ikaja Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, watu wakakaa kwenye mahema wakasikilizwa shida zao. Nayo ni hatua. Lakini hema linamsikiliza aliyefika. Mimi nawazungumzia mashahidi ambao hawatafika kama hawakufuatwa.

Na hili si lalamiko la utingo mmoja wa Kibaha. Mwaka 2015, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika kesi ya Alex Thomas kwamba nchi yetu ilikiuka haki yake kwa kutompa msaada wa kisheria wa bure. Alikuwa amefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tarehe 3 Juni 2016 ikaamua kesi ya Mohamed Abubakari, kosa lile lile, kifungo kile kile. Yeye alisema hakuwepo eneo la tukio. Mahakama ikasema utetezi wake huo ulipaswa kuzingatiwa kwa uzito na polisi na vyombo vya sheria. Niliposoma habari hizo nilikaa kimya. Kumbe kulikuwa na Braza wengine kabla ya Braza. Na mlango ule wa Arusha, kwa mtu binafsi kwenda mwenyewe moja kwa moja, umefungwa tangu Novemba 2020, baada ya nchi yetu kuondoa tamko lililouruhusu.

Basi nasema ninachotaka. Sitaki Willy Gamba. Nataka mtu mmoja Kibaha na mtu mmoja Kisarawe, wasaidizi wa kisheria hawa hawa tulio nao, wafundishwe kuchukua maelezo, wapewe kitambulisho, wapewe fungu la nauli, na walipwe kwa mwezi. Kwa mwezi, si kwa kesi, na wala si kwa ushindi. Ukimlipa mtu akishinda tu, atakuletea mashahidi wa kununua. Mlipe aende, aulize, na aandike alichokikuta, hata kama alichokikuta kinaumiza. Maana naye fundi angeweza kufungua kaunta buku na tarehe ikawa nyingine. Ningekuwa nimemjua Braza vizuri zaidi, basi. Ndiyo kazi yenyewe.

Mtu atasema hela hakuna. Jumla ya daftari langu, safari zote, za kwangu na za fundi, pamoja na mihogo, ni shilingi 214,500. Braza alikaa rumande karibu miaka miwili akila, akilindwa, akipakiwa kwenye karandinga kila wiki mbili kuja kusikia wimbo ule ule. Nani alilipia hayo? Si sisi sote?

Siku Braza alipotoka, hakutoka mikono mitupu. Ndani ya soksi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nyingi, imeandikwa kwa mwandiko wa watu tofauti. Walishasikia kwamba ana mdogo wake anayekwenda kutafuta watu. Yalikuwa majina saba, na mbele ya kila jina, mahali. Mmoja anasema siku ya tukio alikuwa msibani Mlandizi na daftari la rambirambi lina jina lake. Mwingine alikuwa anachoma mkaa Mzenga na mjomba wake. Mwingine alikuwa Mafia, kwenye mashua, na nahodha anamjua.

Mlandizi nilikwenda, ni karibu. Daftari la rambirambi nimeliona, jina lipo, nimempelekea wakili. Mzenga nimekwenda mara moja, mjomba nimemkosa, nitarudi nikipata. Mafia ni gari mpaka Nyamisati, kisha boti mpaka Kilindoni, na kulala huko, na kumleta nahodha, na kumrudisha. Nimepiga hesabu mara tatu. Huyo kijana sijawahi kumwona sura. Kesi yake inatajwa tena mwezi ujao, na safari hii wimbo umebadilika. Mwendesha mashtaka amesema upelelezi umekamilika.